"Limetimia": Uhakiki wa Kipimo Kimoja cha Unabii

Kuna hoja ninayoisikia kila mara mabwenini na katika vikundi vya sala vya wanafunzi: nabii fulani alisema jambo, jambo likatokea, basi nabii huyo ni wa kweli. Anayeitoa hoja hii huitoa kama mtu aliyekwisha kufunga mjadala, na anayeipinga huonekana hana imani. Makala haya yanaihakiki hoja hiyo. Sikusudii kuamua kama Mungu husema na watu siku hizi. Hilo nawaachia wanateolojia. Ninauliza tu kama kutimia kwa neno kunatosha kuwa kipimo, na kama Biblia, ambayo wasemaji wa hoja hii huishika mkononi, inakubaliana nao.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo fani yetu. Katika Kiswahili nabii hutoa unabii, lakini katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba anatabiri, na kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika redioni kwa utabiri wa hali ya hewa. Mtabiri wa mvua hupimwa kwa mvua. Ikinyesha alisema kweli, isiponyesha alikosea. Nadhani kwa njia hii kitenzi kimetufundisha kumpima nabii kama tunavyompima mtaalamu wa hali ya hewa. Lugha yangu ya kwanza, Kinyarwanda, inanionyesha njia nyingine. Nabii kwetu ni umuhanuzi, kutoka guhanura, na kutoka mzizi huo huo tunapata impanuro, yaani nasaha, kama zile wazazi wanazowapa maharusi. Hakuna anayeuliza kama impanuro zimetimia. Huulizwa kama zilisikiwa.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka 1952, inaonekana waliliona tatizo hili. Katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 14, pale ambapo Paulo anazungumzia karama ya unabii katika kusanyiko, wao walitumia kitenzi kuhutubu. Wengine wanalilaumu chaguo hilo kwamba linapunguza uzito wa karama. Mimi ninaliona ni chaguo la watu waliosoma sura nzima, maana Paulo hapo anasema habari za kujenga, kufariji na kutia moyo, wala hataji kubashiri matukio. Na anapofika kwenye utaratibu anaagiza manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapambanue. Kitenzi hiki, kupambanua, nitakirudia.

Sasa tuje kwa Hanania. Habari yake iko Yeremia sura ya 28, nayo ndiyo kesi bora niijuayo, kwa sababu ni nabii dhidi ya nabii, hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote. Yeremia amevaa nira ya mti shingoni kuonyesha kwamba mataifa yatamtumikia mfalme wa Babeli. Hanania anasimama na kusema, kwa jina la Mungu yule yule na kwa mtindo ule ule, kwamba nira hiyo imevunjwa, na kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudishwa pamoja na watu waliohamishwa. Kisha anaitwaa nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja.

Msomaji wa leo husoma habari hii akiwa ameshajua mwisho. Lakini maandishi ya Kiebrania hayamwiti Hanania nabii wa uongo. Yanamwita nabii, kama yanavyomwita Yeremia. Ni tafsiri ya kale ya Kigiriki iliyoongeza neno la uongo kwenye cheo chake, bila shaka ili kumsaidia msomaji. Tafsiri ya Union inafuata Kiebrania, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana bahati: anasimama pale pale walipokuwa wamesimama watu wa Yerusalemu, akiwa na manabii wawili mbele yake wenye cheo kimoja, na hakuna aliyeandikwa jina kwenye paji la uso.

Yeremia anajibu nini? Kwanza anasema amina, kwa maana ya kutamani Bwana afanye hivyo. Halafu anakumbusha kwamba manabii wa zamani walizoea kunena vita na maafa, na kwamba anayetangaza amani atajulikana amani ikija. Baada ya nira kuvunjwa, maandishi yanasema kwa ufupi kwamba alikwenda zake. Basi. Hakuwa na jibu papo hapo. Neno la kumjibu Hanania lilimjia baadaye. Ningekuwa mmoja wa wasikilizaji siku ile ningerudi nyumbani nikiamini kwamba Hanania ameshinda. Alikuwa na uhakika, alikuwa na tarehe, alikuwa na habari njema, na mwenzake ameondoka kimya.

Wahubiri wengi huharakisha kufika mstari wa mwisho, pale Hanania anapokufa mwezi wa saba wa mwaka ule ule. Wanasema: mnaona, neno la Yeremia lilitimia. Ni kweli. Lakini mzozo ulitokea mwezi wa tano. Katika miezi ile miwili kipimo cha kutimia hakikumsaidia mtu yeyote, na kwa habari ya vyombo vya hekalu kingehitaji miaka miwili kamili. Kipimo kinachotoa majibu baada ya mtu kwisha kuuza shamba si kipimo cha kumlinda mwenye shamba.

Torati yenyewe inajua hivyo. Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisipotokea, Bwana hakulinena. Wanafunzi wenzangu hupenda kuigeuza kanuni hii: likitokea, basi Bwana amelinena. Ni kosa la mantiki ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelisahihishiwa kwa wino mwekundu. Tena sura ya 13 ya kitabu hicho hicho imekwisha kuizuia njia hiyo. Inamzungumzia nabii ambaye ishara yake inatokea kweli, naye akaitumia kuwavuta watu kwa miungu mingine, na inaagiza asisikilizwe. Ishara imetimia na nabii ni wa uongo. Sioni namna ya kuikwepa sura hiyo.

Upande wa pili upo pia. Yona alitangaza kwamba Ninawi itaangamizwa baada ya siku 40. Haikuangamizwa, naye hakuwa nabii wa uongo. Katika Yeremia 26, watu wanapotaka kumwua Yeremia, wazee wanasimama na kumtetea kwa kutaja unabii wa Mika juu ya Yerusalemu, unabii ambao haukutokea katika siku zake kwa sababu mfalme Hezekia alimcha Bwana. Wazee wale walimtetea nabii aliye hai kwa unabii usiotimia! Nimeusoma utetezi huo mara nyingi na bado unanishangaza.

Kama kutimia hakutoshi, nini kinabaki? Mika anatoa jibu lisilo na mafumbo yoyote katika sura ya 3: wapo manabii wanaotangaza amani kwa mwenye kuwatia kitu kinywani, na vita kwa asiyewapa. Anatuambia tumtazame anayelishwa. Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale sana, unafuata njia hiyo hiyo: mtu anayesema kwa roho kwamba apewe fedha asisikilizwe, isipokuwa ameomba kwa ajili ya wahitaji wengine. Mwenzangu mmoja wa darasa alitoa karo ya muhula mzima kuwa "mbegu", kwa sababu mhubiri aliyemwagiza aliwahi kumtajia jina la mama yake bila kuambiwa. Hakufanya mitihani muhula ule. Jina la mama lilikuwa sahihi, sikatai. Kwa kipimo cha Mika, swali halikuwa jina bali fedha ilielekea wapi.

Sitaki hata hivyo tukimbilie kudhani kwamba fedha ndiyo ufunguo wa kila kitu. Mikaya mwana wa Imla alisimama mbele ya manabii 400 wa mfalme Ahabu, na tofauti kubwa ninayoiona si chakula tu. Wale 400 walisema kwa kauli moja na hakuna aliyemhoji mwenzake. Ni hapa ninapokirudia kitenzi cha Paulo, kupambanua. Unabii unaoweza kuaminiwa unakubali kukaa mbele ya watu wengine wanaouuliza. Unaokataa swali umejihukumu, hata kama umetimia.

Eneo letu limeona pande zote mbili, tena kwa ukaribu wa kutisha. Ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwa Uganda, kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliongozwa na Credonia Mwerinde, Joseph Kibwetere na Dominic Kataribaabo, waliodai kupokea ujumbe wa Bikira Maria na wa Yesu. Wafuasi waliuza mali zao. Waliishi kwa kunyamaza, wakiwasiliana zaidi kwa ishara, kwa maelezo kwamba ulimi huvunja amri. Walitangaziwa kwamba dunia ingefikia mwisho 1999 unapokwisha. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia waliteketea ndani ya jengo lililopigiliwa misumari, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi, hata Buziga mjini Kampala. Polisi walihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 700.

Waandishi wengi walimaliza kwa kusema kwamba unabii wa Kanungu ulishindwa. Nadhani hawakutazama vizuri. Ule wa Desemba ulishindwa. Lakini wafuasi waliokusanyika Machi waliahidiwa kwamba mwisho wao umefika, na ulifika. Waliouhubiri mwisho ndio wanaotuhumiwa kuuleta. Kutimia kunaweza kutengenezwa kwa misumari na petroli. Kilichokosekana Kanungu tangu mwanzo, miaka mingi kabla ya moto, ni mtu wa kuuliza swali kwa sauti.

Wapo watakaosema dawa ni elimu. Sheria yetu ya 2018 inamtaka kiongozi wa shirika la kidini awe na shahada ya elimu ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu hiyo. Siipingi. Lakini Kataribaabo alikuwa padre, na alikuwa amesoma Marekani hadi shahada ya uzamili.

Kwetu Rwanda kuna Kibeho. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi wa sekondari, Alphonsine Mumureke, alisema amemwona Bikira Maria. Wenzake walimcheka, miongoni mwa waliomdhihaki sana ni Marie Claire Mukangango, ambaye baadaye alisema naye ameona. Mwaka 1982 Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi aliunda tume mbili, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia. Wasichana walihojiwa, walipimwa, walingojeshwa. Ibada ya hadhara iliruhusiwa 1988, na tamko la mwisho likatolewa na Askofu Augustin Misago tarehe 29 Juni 2001, likiwatambua watatu tu kati ya wengi waliodai kuona: Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire. Hapa tuseme yote. Misago mwenyewe alikuwa amekamatwa 1999 kwa tuhuma za mauaji ya kimbari, na mahakama ikamwachia huru Juni 2000. Waliopambanua walikuwa binadamu, na msomaji ana haki ya kuwauliza wao pia. Lakini ni watu wanaojulikana kwa majina, na kazi yao ilifanywa mchana.

Agosti 1982 wasichana wale walilia mbele ya umati, wakisema wanaona damu na maiti. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu waliokimbilia kanisa la Kibeho waliuawa humo. Marie Claire naye aliuawa mwaka ule. Tangu hapo wasimulizi wengi, wa hapa na wa nje, husema Kibeho ni kweli kwa sababu 1994 ilitokea. Hoja hii inanisumbua kuliko ile ya bwenini, kwa sababu inayageuza makaburi kuwa muhuri. Tume zilikuwa kazini miaka 12 kabla, na ibada iliruhusiwa miaka sita kabla. Hazikungoja damu ili ziamue. Na ujumbe wenyewe ulikuwa watu watubu. Kama Rwanda ingesikia jinsi Ninawi ilivyosikia, Aprili 1994 ingepita kama Aprili nyingine, mvua ikinyesha juu ya vilima vya Kibeho, na wenye kipimo cha kutimia wangesema kwamba wasichana wale walikuwa waongo.