Juu ya Kitenzi "Kwenda" na Matumizi Yake Dar es Salaam

Maneno ya kila siku ndiyo yanayotafitiwa kwa uchache kuliko yote. Mtu ataandika makala ndefu juu ya neno la Kiarabu lisilotumika ila katika tenzi, lakini kitenzi kwenda, ambacho hapana Mswahili apitishaye saa moja asikitamke, kimeachiwa mistari michache ya kamusi. Kwa desturi hufasiriwa kuwa ni kutoka mahali pamoja kuelekea mahali pengine. Fasili hiyo si ya uongo, ila ni ndogo mno. Nayo imewafanya waalimu wengi wasahihishe yasiyohitaji kusahihishwa na kuyaacha yaliyo na haja ya kuangaliwa.

Tuanze na asili. Shina -enda ni ndugu wa -genda ya Kiganda, ya Kihaya na ya Kinyarwanda, na g yake imepotea kama ilivyopotea katika -amba, ambayo Waganda huitamka -gamba. Si kila g iliyopotea, kwani mgeni bado anayo yake. Hivyo asidhani mtu kuwa amepata kanuni isiyo na mipaka. Lililo muhimu hapa ni kwamba kupotea kwa g kumeliacha shina likianza kwa irabu, na hapo ndipo ilipoanza mashaka ya ku-.

Kila mwanafunzi hufundishwa kuwa vitenzi vya silabi moja, kama kula, kufa na kuja, hubakiza ku- baada ya -na-, -me-, -li- na -ta-. Sababu yake yafahamika: mkazo wa neno la Kiswahili huanguka katika silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi hivyo vya njeo havipendi kuubeba. Bi. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alivitaja kwenda na kwisha pamoja na vitenzi hivyo. Lakini enda ina silabi mbili, na katika anaenda mkazo hukaa mahali pake bila ya msaada wa ku-. Basi ku- hii haikuja kwa ajili ya mkazo. Yaonekana kwangu kuwa ilibaki kwa ajili ya kulilinda shina fupi lisimezwe na irabu iliyotangulia, maana katika usemi wa haraka ana na enda huwa anenda, na ame na enda huwa amenda. Ushahidi tunao katika watoto wa kitenzi hicho. Hakuna asemaye anakwendelea wala anakwendesha. Husemwa anaendelea, anaendesha. Irabu ni zile zile, lakini neno limekuwa refu na haliogopi tena kumezwa.

Ikiwa ni hivyo, vijana wa Tandika na Mwananyamala wasemao naenda, ameenda, tutaenda, hawajaharibu kitu. Wameiweka enda mahali walipo ona, oga na iba, ambavyo navyo ni vifupi na vyaanza kwa irabu, wala hapana aliyepata kudai kuwa anaona ni lugha mbovu. Nakwenda ndiyo sura ninayoipendelea mimi katika maandishi, na hiyo ni desturi ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa lugha sanifu. Lakini kumpunguzia mtoto alama za mtihani kwa sababu ya naenda ni kumwadhibu kwa kufuata mantiki ya lugha yake mwenyewe. Kamusi zenyewe huliweka neno hili chini ya herufi E, si chini ya K.

Wale waonao aibu kwa kitenzi chetu kutokuwa na utaratibu na waufikirie kidogo mfano wa Waingereza. Kitenzi chao go hakina wakati uliopita wa kwake; hutumia went, ambayo zamani ilikuwa mali ya kitenzi kingine, wend. Vitenzi vinavyotumika sana huishi maisha ya namna hiyo katika lugha nyingi. Sisi nasi tunayo amri nenda, ambapo kwa kanuni tungengojea enda. Na kando yake ipo enenda, iliyohifadhiwa katika vitabu vya zamani na katika tafsiri za Biblia. Katika enenda tumepata mwenendo, tofauti na mwendo: gari lina mwendo, mtu ana mwendo na mwenendo pia.

Maana za kitenzi hiki zimetajirika zaidi katika vifungu, na vingi vya vifungu hivyo vyatoka baharini na viwanjani. Chombo kinachoyumba huku na huku hukwenda mrama. Kinachoukabili upepo hukwenda joshi. Tiara iliyokatika uzi hukwenda arijojo. Farasi hukwenda shoti. Leo mtu wa Temeke asiyepata kupanda jahazi husema biashara yake imekwenda mrama, na husema kweli, bali katika akili yake hapana wimbi. Kamusi zafaa kueleza kwanza chombo, kisha biashara; si kuanza na biashara na kukisahau chombo.

Katika Dar es Salaam kitenzi hiki kimepata ladha nyingine. Temeke na Kinondoni zilikuwa viunga, na ingawa jiji limekwisha kuzizunguka na kuzipita mbali, mkazi wa Mbagala au wa Magomeni bado husema "nakwenda mjini", akimaanisha Kariakoo au Posta. Mji kwake si mpaka. Ni upande wa kuelekea. Aagapo husema "nakwenda zangu", na watu wengi huieleza zangu kuwa ni njia zangu, neno njia likiwa limeachwa njiani. Konda wa daladala hupaza "twende!", na katika vinywa vya vijana twende zetu imekuwa twenzetu. Akikasirishwa, mtu husema "kwenda huko!", ambapo kitenzi-jina kimechukua kazi ya amri, nayo ni kali kuliko nenda. Na tukiwa katika mambo ya matamshi ya staha: asemaye kuwa mtoto wake anaendesha hasemi habari ya baiskeli, bali ya tumbo. Maana hii ni ya watu wote, na mgeni aisomaye lugha yetu vitabuni tu atakuja aibika zahanatini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililoleta ugomvi. Kwa miaka ya karibuni wasemaji wa majukwaani na watangazaji wamezoea kusema "tunakwenda kujenga", "tunakwenda kushuhudia", hali wamekaa vitini na hapana safari. Walinzi wa lugha husema kuwa hiyo ni tafsiri ya Kiingereza neno kwa neno. Huenda ni kweli kwa asili ya mtindo huo. Lakini na waliangalie hilo neno nililoanzia sentensi iliyopita. Huenda ni kwenda yenyewe katika hali ya mazoea, na kwa muda mrefu imetumika kwa maana ya labda, bila mguu wowote kuinuliwa. Wala si kwenda peke yake. Kuja nayo imeacha safari katika "asije akaanguka", na wanaisimu wengi huihusisha -ja- ya sijafika na kitenzi hicho hicho. Hata -ta- ya wakati ujao ni taka iliyofupishwa, kama ionekanavyo katika atakaye. Kiswahili kina mazoea ya kuvitumikisha vitenzi vyake vya kila siku katika kazi za njeo, wala hakikungoja kufundishwa na Waingereza.

Kwa hiyo hoja ya ugeni haitoshi. Swali lifaalo ni kama mtindo huu waongeza maana. Kipimo kimoja ni kujaribu kutia mahali katikati. "Nakwenda kununua samaki" hukubali: nakwenda Feri kununua samaki. "Mvua inakwenda kunyesha" haikubali mahali popote. Hapo mwendo umekwisha na ni njeo tu iliyobaki. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu, ya mtangazaji wa mpira asemaye "tunakwenda kushuhudia kipindi cha pili" wakati wachezaji wamekwisha toka vyumbani. Huyo atangaza jambo lililokwisha anza kutendeka, na tutashuhudia isingelibeba hilo sawasawa. Hii naiona ni faida. Lakini ahadi ya barabara isiyo na fedha wala mkandarasi haipati mwendo kwa kuitwa tunakwenda kujenga, na hapo tutajenga ingekuwa ya kweli zaidi. Kamusi na iziandike zote tatu, iseme ipi ina mwendo na ipi haina.

Mfano wa mwisho wapita barabarani kila siku. Mabasi yaliyoanza kazi mwezi wa Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yenye tawi la kwenda Morocco katika Kinondoni, yaliitwa rasmi Mabasi Yaendayo Haraka. Jina ni safi kisarufi: yaendayo haina njeo, wala haihitaji ku-, angalisema yanayokwenda, ku- ingerudi. Lakini abiria hawakulichukua. Walichukua mwendo wa shina lile lile, wakaunga na kasi, wakapata mwendokasi, jina la sifa likawa jina la chombo. Na tazama upatanisho wake: mwendo ni wa u-, lakini kituoni watu husema "mwendokasi imejaa", si umejaa, nayo mawili yakipita bila kusimama, husema "mwendokasi mbili zimepita", wala sijasikia mtu akisema miendokasi.