Matanga ya Kikonfusio

Matanga waliyoyalea wafuasi wa Konfusio nchini China yanastahili sifa kwa namna yalivyoiheshimu huzuni. Konfusio (551–479 KK) aliuthamini uchungu wa kweli kuliko taratibu zilizotimizwa bila dosari. Alipofariki Yan Hui, mwanafunzi wake kipenzi, alilia kupita kiasi hata wenzake wakamtanabahisha, lakini hakuona sababu ya kujizuia kwa mtu kama yule.

Kwa kawaida, hata hivyo, kilio kilipewa saa zake na vazi lake. Nguo za msiba zilikuwa za madaraja 5, kuanzia miezi 3 kwa jamaa wa mbali hadi miaka 3 kwa mzazi, aliyevaliwa katani nzito isiyokunjwa pindo. Miaka hiyo ilihesabiwa kwa kuingia mwaka wa tatu, yaani miezi 25 au 27. Hoja ya muda huo inagusa moyo: mtoto naye hubebwa na wazazi kwa miaka 3.

Enzi za Ming na Qing, ofisa aliyefiwa na mzazi aliacha cheo akarudi kwao miezi 27. Dola ilikubali kumkosa mtumishi ili mtoto aomboleze. Huo ni utu mkubwa.

Konfusio mwenyewe aliombolezwa na wanafunzi wake kwa miaka 3. Kisha, aeleza mwanahistoria Sima Qian, waliagana kwa kilio, kila mmoja akashika njia yake. Kati yao, Zigong peke yake alijenga kibanda kaburini akakaa miaka 3 mingine.