Uso wa Kuazima, Malipo ya Nani?

Filamu ya Eloise King, The Shadow Scholars (2024), inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, hadi Nairobi kwa vijana wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu. Nyuso za vijana hao zimefichwa kwa akili bandia. Unaona macho yakipepesa na mdomo ukicheka, lakini uso si wao.

Ni uamuzi wa busara, maana ukijulikana, kazi imeisha. Ila uso huo wa kuazima unasema jambo ambalo filamu haikai nalo vya kutosha: teknolojia inayowasitiri waandishi hawa ni ndugu ya ile inayowapokonya tonge.

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Mwanafunzi aliyekuwa akilipia kurasa kumi usiku wa mwisho sasa anaweza kuzipata bure. Kazi nyingine imebadilika tu sura: mteja analeta maandishi ya mashine, anataka yasomeke kama ya mtu. Bado lazima usome, uhakiki vyanzo, upange hoja upya. Lakini unalipwa kama mpiga pasi, wakati ukweli ni kwamba shati umelifumua na kulishona tena.

Na mashine yenyewe ilipitia hapahapa kwetu. Januari 2023, jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Sama nchini Kenya walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili mfumo wa OpenAI ujifunze kuyatambua. Mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sama ilieleza kwamba kiasi hicho kilijumuisha gharama zote, si mishahara pekee. Sawa, lakini piga hesabu mwenyewe. Dawati moja lilisaidia kuisafisha mashine, dawati lingine likapoteza wateja kwa sababu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo tulisaidia kuifua.

Tumezoea kuambiwa kwamba tija ikipanda, mshahara utafuata. Mwandishi wa Nairobi anaweza kumaliza leo kazi mara mbili ya alizomaliza zamani, lakini katikati yake na mteja kuna tovuti, na mara nyingi kuna jamaa mwenye akaunti anayemgawia kazi na kukata chake kwanza. Dalali hakufutwa na intaneti. Alipewa nywila.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo ilinishinda, kwa hivyo filamu inaponiuliza nani hasa amestahili shahada, inanigusa. King anataka tuwatambue walioandika, na hapo anafaulu: ukimaliza kutazama huwezi tena kuwaita matapeli tu. Lakini kutambuliwa hakulipi kodi ya nyumba. Kijana anayejua kuandika tasnifu ya uuguzi Jumatatu na ya sheria Alhamisi hakosi akili wala bidii. Anachokosa ni sauti kwenye meza inayopanga bei.

Itazame. Ni filamu nzuri. Ila atakayetengeneza inayofuata, aache nyuso zifichwe, atuonyeshe risiti.