Kurekebisha Jua Kali la Mchana katika Picha za Baba Dogo

Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Machi na Septemba, karibu saa sita na nusu mchana, jua husimama wima juu ya mtaa wa Baba Dogo. Mtu akipigwa picha saa hiyo, paji la uso na ncha ya pua hung'aa, na macho yakazama gizani. Akisimama mbele ya mabati mapya ya godauni hali huzidi: kamera huujumlisha mng'ao wa bati katika vipimo vyake, hupunguza mwanga wa picha nzima, na anayedhulumiwa zaidi ni mwenye ngozi nyeusi.

Marekebisho huanzia kwenye histogramu, yaani mchoro wa viwango vya mwanga katika picha. Katika picha ya JPEG kila rangi ya msingi ina viwango 256, kuanzia 0 hadi 255. Mahali ambapo rangi zote tatu zimefika 255 hapana cha kuokoa. Programu itapaka kijivu tu, haitarudisha ngozi. Faili ghafi (RAW) la biti 14 lina viwango 16,384, ndiyo maana vivuli vyake huvumilia kuinuliwa.

Mwanga wa jumla hupangwa kwa kuutazama uso, si ukuta, kisha sehemu angavu hushushwa. Kazi ngumu ni vivuli, na hapa ndipo picha nyingi huharibiwa. Vikiinuliwa katika picha nzima, nywele hupoteza weusi wake, chenga za rangi hujitokeza, na ngozi hupauka kama iliyopakwa jivu. Afadhali kuchagua eneo. Katika Lightroom, GIMP au hata Snapseed ya simu, brashi yenye kingo laini hupitishwa kwenye matundu ya macho na chini ya kidevu peke yake, kidogo kidogo, mara kadhaa.

Kivuli kilichoinuliwa huonyesha ubuluu, kwa sababu kilikuwa kikiangazwa na anga. Rangi ya eneo hilo huongezewa joto kidogo, na hapo ngozi hupatana pande zote. Mwishowe weusi wa picha hurudishwa mahali pake.

Bati lililoungua likawa jeupe si hasara kubwa, liachwe. Paji la uso likiungua eneo pana, programu haifai kitu: picha ipigwe upya, mhusika akiwa kivulini mwa ukuta.