Purukushani: Kutojali au Vurumai?

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira akiulizwa maana ya 'purukushani', si ajabu akajibu: vurumai, watu kusukumana mkutanoni. Ndivyo magazeti na redio za Kenya zilivyomzoeza. Kamusi ya Johnson ya 1939 yasema jingine kabisa: kutojali, hali ya mtu asiyetia jambo maanani. Kitenzi chake kingali hai. Aliyeitwa akajitia hasikii husemwa kuwa amejipurukusha.

Wako wanaoihukumu maana ya vurumai kuwa ni upotoshaji wa waandishi wa habari. Hukumu hiyo ni ya haraka. Umbo lenyewe, purukush-an-i, laonekana kubeba kiambishi cha kutendana, kama 'ukinzani' ulivyotokana na 'kinzana'. Watu wawili wanaopuuzana, kila mmoja akimpita mwenzake kwa bega, hawako mbali na kusukumana. Na kwa Mgusii njia hiyo ni nyepesi zaidi, kwani Ekegusii nacho kina -an- iyo hiyo: 'korwana' ni kupigana. Yamkini sikio lake hupata ugomvi katika neno hili kabla ya kupata kutojali.

Hasara iko katika kusoma. Akikuta katika maandishi ya zamani mtu aliyepokea onyo 'kwa purukushani', atamwona akirusha ngumi, hali mwandishi alimchora akitazama pembeni, hana habari. Kuifuta maana mpya hakutamsaidia. Kamusi ya shule haina budi kuzitaja zote mbili, ya kutojali ikitangulia, chini ya kitenzi 'purukusha'.