Ngozi Haipakwi Mara Moja

Sanamu nyingi za kidijitali huharibika siku ya kupakwa rangi. Mchongaji amekaa na uso wa mzee kwa majuma. Ameutafuta mfupa wa shavu, kifuko kilicholegea chini ya jicho, mshipa unaopanda shingoni, na sanamu ikiwa bado ya rangi moja unaona kabisa kwamba huyu ni mtu. Kisha rangi ya ngozi inamwagwa juu yake, midomo inatiwa wekundu, nywele zinatiwa weusi, na yule mtu anaondoka. Anabaki mwanasesere. Vijana wenye mikono mizuri ajabu hukwama hapo hapo. Wachache wanaovuka ndio ninaotaka kuwasifu, kwa kuwa kazi yao ikiwa nzuri hakuna anayeitaja. Mtazamaji hudhani anasifu uchongaji.

Ugumu unaanzia kwenye programu yenyewe. Chukua ZBrush, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na ambayo leo ni mali ya kampuni ya Maxon. Humo uso wa sanamu hubeba mambo mawili ambayo jicho huyachanganya kwa urahisi. La kwanza ni rangi. La pili ni materiali, yaani tabia ya uso huo mbele ya mwanga: kama unaurudisha wote mara moja kama kioo, unautawanya kama chaki, au unauruhusu kupenya kidogo kabla ya kuutoa, kama nta. Juu ya skrini kuna vitufe vitatu vya kuchagua unapaka nini. Rgb hupaka rangi tu, M hupaka materiali tu, Mrgb hupaka vyote kwa pamoja. Ufundi wote unaanza na kujua, kwa kila mguso wa kalamu, ni kipi kati ya vitatu hivyo kimewashwa na kwa nini.

Materiali ambayo wengi huikuta wanapofungua programu ni nta nyekundu. Inapendeza kuchongea, maana kila bonde na kila tuta huonekana. Kupakia rangi juu yake ni kujidanganya. Nta hiyo ina wekundu wake na vivuli vyake vilivyokwisha kutiwa ndani, na kila rangi utakayoweka juu itakuja imekopa wekundu huo. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla hajagusa rangi hata moja, huhamia kwenye materiali nyeupe isiyo na makuu. Inayotumiwa sana inaitwa SkinShade4. Sanamu inapauka ghafla, makosa yote ya uchongaji yanajitokeza, na wengi hurudi kuchonga siku nzima kabla ya kuendelea. Nauheshimu sana uvumilivu huo.

Rangi yenyewe inakaa wapi? Zamani picha ya rangi ilivalishwa umbo kutoka nje, njia ambayo Edwin Catmull aliieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1974 huko Utah na ambayo bado ndiyo msingi wa filamu na michezo mingi ya kompyuta. ZBrush inamruhusu mchongaji kuahirisha uvalishaji huo. Anaweka rangi moja kwa moja kwenye vipeo, zile ncha ambapo vipande vidogo vya umbo hukutana, na kila kipeo hutunza rangi yake. Kwa hiyo sanamu yenye vipeo vichache haiwezi kuonyesha kitundu cha jasho hata ukipaka vizuri namna gani. Igawanye, na vipande vinaongezeka mara nne: 60,000 vinakuwa 240,000, kisha 960,000, kisha 3,840,000. Hapo ndipo unapokaribia undani wa picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048, ambayo ina pikseli 4,194,304. Ndipo pia kompyuta ya kawaida inapoanza kulalamika, na fundi asiye na mashine kubwa hujifunza kuficha kiwiliwili akipaka kichwa, na kuficha kichwa akipaka mikono.

Sasa rangi. Anayeanza hutafuta rangi ya ngozi, moja, iliyo sahihi. Fundi hajui rangi kama hiyo. Hupaka kwanza vilivyo chini ya ngozi: wekundu mahali damu inapokaribia juu, kwenye masikio, pua na vifundo vya vidole, rangi ya manjano mahali mfupa unapokaribia juu, kwenye paji la uso, samawati iliyofifia pembeni mwa kipaji na chini ya macho. Huinyunyiza kwa brashi ya kutawanya, matone madogo yasiyolingana, nguvu ya rangi ikiwa imeshushwa hadi labda sehemu kumi kwa mia. Katika hatua hii sanamu inatisha. Ina mabaka kama ya mgonjwa. Kisha rangi ya juu inapita, nyembamba sana, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na yale mabaka yanazama bila kufutika. Mbinu hii waliijua mafundi wa vipodozi vya filamu waliopaka nyuso za mpira na silikoni kwa bomba la hewa. Rick Baker, mwenye tuzo saba za Oscar kwa kazi hiyo ya mikono, ni mmoja wa waliohamia ZBrush na kuendelea na ufundi ule ule.

Baada ya hapo ndipo umbo linapoanza kuisaidia rangi. Programu inaweza kupima mabonde yote ya sanamu na kuyafunika, ili rangi iende kwenye matuta tu. Geuza kifuniko, na rangi inashuka ndani ya mikunjo peke yake. Ni mbinu yenye nguvu mno, na imeharibu sanamu nyingi. Ukijaza kila mkunjo hudhurungi nzito, mzee wako anakuwa kama aliyefukuliwa udongoni. Ndani ya mkunjo wa mtu aliye hai hakuna uchafu, kuna ngozi iliyoona jua kidogo. Wakati mwingine ni nyepesi kuliko ngozi ya jirani yake, na mzee aliyekaa juani maisha yake yote akikunjua uso utaona mistari iliyopauka kando ya macho. Kifuniko hakijui hilo. Anajua aliyewatazama wazee.

Teksicha, yaani picha za kuvalishwa umbo, nazo zina nafasi yake. ZBrush ina chombo kiitwacho Spotlight kinachoiweka picha juu ya sanamu ili uisugue ipite, kipande baada ya kipande. Wengi huchukua picha ya ngozi na kuibandika, na pamoja na ngozi hubandika mwanga wa chumba kile ilipopigwa. Ninaowapenda hutafuta kwingine. Katika filamu ya Pirates of the Caribbean: Dead Man's Chest ya mwaka 2006, ngozi ya Davy Jones, nahodha mwenye ndevu za minyiri ya pweza, ilitengenezwa na mafundi wa Industrial Light & Magic, na mojawapo ya teksicha walizozichanganya ni ya kikombe cha povu chenye madoa ya kahawa. Filamu ilipata Oscar ya athari za picha. Mtu aliyekiona kikombe kile na kuona ngozi ya kiumbe wa baharini alikuwa amezoea kutenganisha doa na kitu chenye doa. Kutu ya bati, ukuta wa chokaa uliolowa mvua, ganda la embe lililoiva upande mmoja: vyote ni ngozi kwa anayejua kuvipunguza nguvu.

Swali la mng'ao ni la zamani kuliko kompyuta kwa karne nyingi. Huko Seville, Juan Martínez Montañés alichonga Kristo wa Rehema kwa mbao kati ya mwaka 1603 na 1606, na hakumpaka rangi yeye. Kazi hiyo ilifanywa na Francisco Pacheco, kwa kuwa uchongaji na upakaji zilikuwa kazi za vyama viwili tofauti. Pacheco alitetea ngozi isiyong'aa dhidi ya ile iliyosuguliwa hadi kumeremeta. Rangi inayong'aa hurudisha mwanga mahali usipotakiwa na kuliua umbo ambalo mwenzake amehangaika nalo. Karibu nasi zaidi, Wamakonde wanapotengeneza barakoa za mapiko hutumia nywele halisi za binadamu na huziinua chale za usoni kwa nta ya nyuki, na mbao iliyopakwa rangi ya nywele haiwezi kuupokea mwanga kama nywele. Kosa linalowasumbua wapakaji wa skrini ni lile lile waliloliepuka hawa: kutia doa jeupe kwenye ncha ya pua ili ionekane ina mafuta. Zungusha mwanga, na doa linabaki pale pale likishuhudia kwamba ni rangi. Mng'ao ni kazi ya materiali. Rangi ikiuachia nafasi, unakuja wenyewe.

Hili linaonekana zaidi ya popote kwenye ngozi nyeusi, na hapa nasema kwa moyo wote, kwa kuwa mafunzo mengi yanayosambaa huanza na waridi na samli kana kwamba binadamu wote ni hao. Ngozi ya maji ya kunde haipatikani kwa kuchukua mapishi hayo na kuyatia giza. Melanini hukaa tabaka la juu na kuumeza mwanga kabla haujafikia damu, hivyo wekundu wa shavu hugeuka damu ya mzee, karibu na zambarau, na huonekana kwa joto lake tu. Weusi huzidi kuzunguka macho, pembeni mwa mdomo, kwenye viwiko na vifundo. Viganja hupauka, na mistari yake hubaki na wino. Mdomo wa chini huanza na hudhurungi ukingoni na kufunguka kuwa waridi ndani. Na kwa sababu ngozi zote hurudisha juu juu kiasi kile kile kidogo cha mwanga, juu ya ngozi nyeusi kiasi hicho huonekana wazi: paji la uso la mvuvi mchana huwa na samawati ya anga. Anayepaka samawati hiyo kwa Rgb amekosea. Anayetayarisha uso wenye ulaini unaofaa, kisha akaleta anga katika mwanga, ataipata bure.

Weupe wa jicho la mzee wa kwetu si mweupe. Una manjano, mara nyingine mabaka ya kahawia, na kuizunguka mboni kuna pete iliyopauka yenye ubuluu ambayo umri huileta. Nimeona sanamu nzuri sana zilizoanguka kwa macho meupe kama uso wa saa ya ukutani.

Kuna ugumu mmoja wa mwisho. Rangi iliyopakwa kwenye vipeo inaweza kutolewa kama picha na kusafiri hadi Blender au programu nyingine ya kutoa picha kamili. Materiali iliyopakwa kwa M haisafiri nayo. Huko iendako lazima iandikwe upya: kiasi cha ukwaruzo wa ngozi mahali hapa na pale, kiasi cha mwanga kupenya masikioni, wapi pawe pakavu na wapi pawe na unyevu. Kazi ngumu zaidi iko mahali materiali mbili zinapopakana. Ukucha unapoingia nyamani. Ukingo wa kofia unapokutana na jasho. Zaidi ya yote, ule ukanda wa kope ya chini unapogusana na jicho, ambapo ngozi kavu inakuwa nyama yenye maji na kisha jicho, kila kimoja na mng'ao wake. Upana wake ni kama milimita mbili tu, na mafundi ninaowaheshimu huurudia mara nyingi kuliko paji zima la uso.