153 Tena!

Imezuka tena 153. Kila tarakimu ipe kipeo cha tatu, jumlisha: 1 + 125 + 27, na namba yenyewe inarudi. Watu wanaisambaza kwa simu kana kwamba ni kazi ya bingwa. Mwanahisabati G. H. Hardy aliipima mwaka 1940, pamoja na 8712 ambayo ni mara nne ya 2178, yaani yenyewe ikisomwa kinyume, akaona humo hamna la kumvutia mwanahisabati. Alikuwa mkali, lakini hakukosea.

Mfuatano mzuri wa namba una kanuni isemekayo kwa pumzi moja. Ukihitaji “isipokuwa” mbili, utupwe. Walaghai hunaswa hapo: huongeza sharti juu ya sharti mpaka ibaki namba waliyoitaka tangu mwanzo.

Ila kipimo ambacho wanagenzi hawakioni kamwe ni besi, yaani idadi ya tarakimu zinazotumika kuandika namba. Mjuzi, kabla ya kusifu, huandika namba upya kwa besi nyingine, aone kinachosalia.

D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, anasifiwa kwa namba 6174. Kazi yake bora ni nyingine: namba zisizopatikana kwa kuchukua namba yoyote na kuiongezea jumla ya tarakimu zake. Ni 1, 3, 5, 7, 9, 20, 31, 42… Mwanagenzi huona mruko wa kumi na moja, akaridhika. Sasa hamia besi ya tatu, au ya tano, au besi witiri yoyote. Humo namba na jumla ya tarakimu zake huwa witiri zote mbili au shufwa zote mbili. Ukizijumlisha hupati ila shufwa. Kwa hiyo kila witiri, bila kubagua, haina namba ya kuizaa. Hiyo ndiyo kazi! Na Kaprekar alifanya hesabu zake kwa mkono; leo kompyuta hutema mifuatano elfu kabla ya chai, na mingi haifai.

Mwanahisabati John Conway naye alichambua 1, 11, 21, 1211, 111221, ambapo kila hatua husoma iliyotangulia kwa kuhesabu tarakimu zinazofanana mfululizo. Tarakimu 4 haitokei milele, hivyo besi ya nne na kuendelea hazibadilishi kitu.

Kuzidisha tarakimu za namba tena na tena mpaka ibaki moja tu huchukua hatua ngapi? Swali hilo, ambalo mwanahisabati Neil Sloane aliandika kulihusu mwaka 1973, ni la daraja la pili: kwa besi ya mbili linakufa papo hapo. Kwa besi ya kumi, 277777788888899 huchukua hatua 11, na hakuna aliyepata namba ya hatua 12.